Usimrithishe Binti Yako Woga wa Hesabu



Wiki iliyopita mama mmoja aliingia dukani kwangu hapa Tunduma akiwa na binti yake wa miaka minane. Alitaka kitenge cha yadi sita, mtoto ashonewe gauni na yeye mwenyewe apate sketi. Nikamtajia bei, shilingi 24,000. Mtoto alikuwa anakishikashika kitambaa, akauliza: “Mama, kwani yadi moja ni shilingi ngapi?”

Swali zuri kabisa. Mama akamjibu huku anacheka: “Hayo ya hesabu kamuulize baba yako, mimi yalinishinda tangu darasa la tatu.” Tukacheka sote. Na mimi nilicheka. Usiku nikiwa nimelala nikakumbuka uso wa yule mtoto. Yeye hakucheka. Alikitazama kitenge, akamtazama mama yake, kisha akanyamaza.

Yule binti aliondoka dukani kwangu na mafunzo mawili. La kwanza, hesabu ni za baba. La pili, mwanamke asiyejua hesabu si jambo la kusikitisha, ni jambo la kuchekesha. Hakufundishwa hayo na mwalimu wala kitabu. Alifundishwa na mama yake, nami fundi nikasaidia.

Sasa nauliza, nanyi msinikasirikie. Kuna mama gani hapa anayeweza kusema mbele ya mwanawe, huku anacheka, kwamba Fatiha ilimshinda? Hayupo. Hata kama haijui vizuri ataona haya, atajificha ajifunze. Basi kwa nini kwenye namba tunajisifu kwa ujinga wetu?

Ninalolisema leo ni moja. Watoto wetu hawajazaliwa bila akili ya hesabu. Nyumba zetu zimejaa hesabu kuanzia jikoni hadi kwenye mswala, na sisi akina mama ndio tunaozifunika. Kisha mtoto akishindwa shuleni tunatafuta wa kumlaumu.

Sifuri tatu zilizonipa adabu

Msidhani nawasema wengine mimi nikiwa msafi. Mwaka 2013 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi yangu ya ushonaji, na cherehani moja ya kukodi. Hapa Tunduma ukivuka mpaka unaingia Nakonde, Zambia, kwa hiyo shilingi na kwacha zinatembea pamoja mikononi mwetu. Tarehe 1 Januari mwaka ule Zambia walipunguza sifuri tatu kwenye pesa yao. Kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya, na kwa muda noti za zamani na mpya zikawa zinatumika kwa pamoja.

Akaja mteja niliyemshonea magauni mawili kwa kwacha 50 mpya. Akanipa noti ya zamani ya 5,000. Mimi nikaona elfu tano, nikasema alhamdulillah, huyu kanizidishia. Nikamshukuru, nikamfungia na nguo zake vizuri. Nilipokwenda kubadilisha ndipo nikaambiwa kwamba mkononi nina kwacha 5. Kazi ya siku mbili nzima ilikuwa imelipwa sehemu moja ya kumi.

Darasani nilifundishwa kugawanya kwa elfu moja. Nilikuwa najua kuifanya ubaoni. Ila sikuwahi kuifanya mkononi, na pesa, na mtu amesimama mbele yangu anasubiri. Nilipoona namba nyingi moyo ulienda mbio, nikafanya kile ambacho waoga wote wa hesabu hufanya: nikakubali upesi ili jambo liishe.

Huo ndio woga ninaousema. Kujua kitu ni jambo moja na kutokukiogopa ni jambo jingine. Ujuzi huo wa kwanza mwalimu anaweza kumpa mwanao. Huo wa pili unaanzia nyumbani, mtoto akiwa mdogo, akicheza.

Dini hii imejaa hesabu

Wapo watakaosema mtoto wa kike ajue dini yake na nyumba yake, hesabu zitamsaidia nini. Dada yangu, dini ipi hiyo isiyo na hesabu?

Mtoto anayesali anahesabu kila siku. Alfajiri rakaa 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3, isha 4. Mwambie ajumlishe, atapata 17. Muulize siku mbili ni ngapi, juma zima ni ngapi. Baada ya sala anahesabu tasbihi 33 mara tatu, anapata 99, anaongeza moja inatimia 100. Zaka ya mali ni fungu moja katika arobaini. Zakatul fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, na pishi ni vibaba vinne. Zote hizo ni hesabu, na zote tunazifanya tukiwa tumevaa mitandio yetu.

Bi Khadija radhiyallahu anha alikuwa mfanyabiashara, mali yake ikisafiri na misafara. Hakuwa anamwambia mtu “hayo kamuulize baba yako.” Bi Aisha radhiyallahu anha imepokewa kwamba masahaba wakubwa walikuwa wakimuuliza masuala ya mirathi, na anayejua mirathi anajua kwamba huko hakuna mchezo wa namba. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, ndiye aliyeandika kitabu ambacho neno lake “al-jabr” limewapa Wazungu jina la aljebra. Sehemu kubwa ya kitabu hicho inashughulikia namna ya kugawa mirathi. Hesabu hii inayotutisha leo ilikuwa kwenye nyumba yetu wenyewe.

Hata maneno yake tunayo. Nusu, robo, thumni, thuluthi, sudusi. Bibi zetu waliita senti hamsini thumni bila kwenda shule yoyote. Sisi tuliokwenda shule ndio tumeyasahau.

Thumni ya mama mmoja

Niwaambie kwa nini jambo hili limenikaa rohoni.

Yuko mama mtu mzima, mteja wangu wa siku nyingi, aliyefiwa na mume. Marehemu aliacha watoto. Deni na gharama za maziko zilishatolewa, hapakuwa na wasia, na kilichobaki kwa kugawa kilikuwa shilingi milioni 24. Alikuja kushona nguo ya kutokea eda, akanieleza kwa furaha kwamba shemeji zake wamemtendea wema, wamempa milioni mbili.

Nikachukua kanga juu ya meza. Nikaikunja mara moja, zikawa tabaka mbili. Nikaikunja tena, zikawa nne. Mara ya tatu, zikawa nane. Nikamwambia, “Mama, hii tabaka moja katika nane ndiyo thumni, na ndiyo fungu la mke ambaye mumewe ameacha mtoto. Milioni 24 ukiziweka kwenye tabaka nane, kila tabaka ina ngapi?” Akahesabu kwa vidole polepole. Tatu. Akanyamaza. Akahesabu tena.

Sikumwambia kwamba amedhulumiwa. Pengine na hao shemeji hawakujua kugawa kwa nane. Alikwenda akawauliza kwa adabu, mbele ya sheikh, na baada ya wiki mbili aliletewa milioni yake iliyobaki. Ila aliniambia neno moja ambalo sijalisahau: “Mwanangu, mimi kanga nimezikunja miaka hamsini, hakuna aliyeniambia kwamba nakunja haki yangu.”

Ndiyo maana sikubali mtu aniambie michezo ya hesabu ni mambo ya Kizungu ya kupotezea muda. Mtoto anayekunja kanga leo kwa kucheza ndiye mjane ambaye kesho hatadanganywa.

Basi tucheze

Sitaki niwe wa kulaumu tu. Haya ndiyo tunayocheza kwangu na kwa majirani. Hayahitaji kununua kitu. Angalizo moja tu: kwa watoto chini ya miaka mitatu usiache kete, vifungo wala maharage bila kuwa karibu, wanameza.

*Yaliyofichwa.* Kwa miaka minne hadi sita. Weka maharage kumi mbele yake, ayahesabu mwenyewe. Afumbe macho, wewe funika mengine kwa kikombe. Afumbue, aone saba nje, aseme mangapi yako ndani. Akikosea usiseme “umekosea”, funua kikombe tu aone mwenyewe. Kisha yeye afiche na wewe ukisie. Na wewe ukosee siku nyingine kwa makusudi, akurekebishe. Mtoto anayemrekebisha mama yake hasahau.

*Kunja kanga.* Nusu, robo, thumni, kama nilivyoeleza. Kabla ya kukunja mara ya nne muulize zitakuwa tabaka ngapi. Wengi watasema kumi. Mwache akunje azihesabu, zitakuwa kumi na sita, na atashangaa. Mshangao huo ndio mwalimu.

*Vifungo vya fundi.* Omba vifungo kwa fundi wako, hatakunyima. Mtoto avipange kwa rangi, kisha kwa matundu, viwili na vinne. Apange safu tatu zenye vifungo vinne vinne. Ahesabu. Ageuke akae upande wa pili, sasa anaona safu nne zenye vitatu vitatu. Vifungo ni vilevile kumi na viwili. Umeshamfundisha jedwali na hajui kama amefundishwa.

*Duka la barazani.* Pesa za karatasi, makopo matupu, bei umeandika. Sharti moja: mtoto ndiye muuzaji, maana anayerudisha chenji ndiye anayefanya kazi ya kichwa. Nunua chumvi ya 700, mpe 2,000, msubiri. Usimwambie jibu. Hesabu ya chenji ina siri yake, mfundishe kupanda kutoka bei kwenda kwenye pesa: kutoka 700 hadi 1,000 ni 300, kutoka 1,000 hadi 2,000 ni 1,000, basi 1,300. Wauza genge hawajui hesabu nyingine zaidi ya hiyo, na hawakosei.

*Chungu cha zaka.* Mtoto ahesabu maharage 40, atoe 1 aliweke kwenye chungu. Kwenye 80 atatoa mangapi? Kwenye 200? Atapata 2, kisha 5. Anajifunza kugawanya na anajifunza kutoa.

*Vibaba vya fitri.* Mwezi wa Ramadhani mpe mtoto kazi ya kuhesabu vichwa vya nyumba, na mtoto mchanga asisahauliwe. Wako saba? Pishi saba, vibaba 28. Apime mwenyewe mchele kwa mkono wake. Hapo hapo mwambie habari ya wanaopunja vipimo na onyo lao katika Suratul Mutaffifin. Huku kwetu Songwe wakulima wanaijua lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu hadi linapita kipimo, mkulima analipwa gunia moja akitoa zaidi ya moja. Ni marufuku, na bado watu wanajaribu. Mtoto aliyepima vibaba 28 kwa mkono wake anaijua dhuluma hiyo akiiona kwa mbali.

*Kurasa za mus-haf.* Mus-haf wa Madina una kurasa 604 na juzuu 30, kila juzuu kama kurasa 20. Muulize binti yako wa darasa la nne: tukitaka kukhitimu ndani ya mwezi, tusome kurasa ngapi baada ya kila sala ya faradhi? Juzuu moja kwa siku, kurasa 20, sala tano. Ni kurasa 4 tu. Mwaka jana binti yangu alipolipata jibu hilo alisema, “Mama, kumbe si nyingi!” Hesabu ilimpa moyo kuliko mawaidha yangu yote.

*Saa za mpakani.* Huu ni wa kwetu ila na nyie mnaweza. Nakonde saa yao iko nyuma kwa saa moja. Nawauliza watoto: nikitoka hapa saa nne kamili na kutembea dakika kumi, nitafika Nakonde saa ngapi? Jibu ni saa tatu na dakika kumi, yaani nimefika kabla sijaondoka! Wanacheka mpaka wanaanguka. Halafu nawauliza la pili: magharibi yao je, inawahi kuliko yetu? Hapo wanagombana. Jua ni lilelile, linazama kwetu sote pamoja, ni saa tu iliyoandikwa tofauti. Ila nyie wa Unguja mko mashariki zaidi, jua linazama kwenu takribani dakika 25 kabla ya kwetu. Ndiyo maana nikimpigia shoga yangu wa huko mwezi wa Ramadhani namkuta ana sambusa mdomoni, na mimi bado nakodolea tende. Mpe mwanao kalenda za sala za miji miwili, atafute tofauti. Ataifanya hesabu ya kutoa mara thelathini bila kulalamika.

Bao tumewaachia nani?

Hapa nina ugomvi maalumu na nyie watu wa visiwani. Mnao mchezo wa hesabu ambao dunia inausafiria. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji anatazama shimo, anajua kete hizi zikitembea zitaishia wapi, akila pale zitafika wapi tena, na mwenzake atajibu nini. Anafanya hayo kichwani, bila kalamu. Na mnacheza wapi? Barazani, wanaume kwa wanaume, na kahawa. Ukipita Jaws Corner pale Mji Mkongwe wamekaa wanaume tupu. Kijana wa kiume anasimama nyuma ya babu yake, anatazama, anajifunza. Dada yake yuko ndani anapewa mwanasesere wa plastiki.

Nani alisema bao ni la wanaume? Ukitafuta hutapata aya wala hadithi. Ni mazoea tu. Chimba mashimo uani, au chora duara kwenye boksi la kadibodi, okota komwe au kokoto. Anza na bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, ambalo hata mtoto wa miaka saba analiweza. Mbili mara thelathini na mbili ni ngapi? Ameshaanza kuhesabu kabla hajacheza.

Na mdako, uko wapi siku hizi? Sisi tulichimba kishimo, tukajaza kokoto, unarusha moja juu, unazitoa zote nje kabla haijashuka, unarusha tena unazirudisha zote na kubakisha moja moja. Ukimaliza, unabakisha mbili mbili, kisha tatu tatu. Ule ulikuwa mchezo wa wasichana, na ulikuwa jedwali tupu. Tumeutupa tumewapa simu.

Jambo moja la dini nilitaje. Kwangu hatutumii dadu, kwa kuwa wanazuoni wengi wameikataza, wala hatuihitaji. Tukitaka namba ya bahati tunaandika namba kwenye vikaratasi, mtoto anachomoa kimoja. Na hatuwekeani dau hata la karanga moja. Mshindi anachagua mchezo unaofuata, basi. Michezo ya kubeti imeshaingia mitaani mwetu vya kutosha, tusiifungulie mlango wenyewe.

Najua mtakayosema

Mtasema muda hamna. Mimi pia sina, nafunga duka jioni na nina chungu cha kuinjika. Ila sijasema ukae darasani. Unachambua mchele, mtoto yupo. Unakata chapati, muulize vipande. Unaanua nguo, ahesabu vibanio. Dakika kumi zinatosha, na ni dakika ambazo ungezitumia kumwambia “toka hapa unanisumbua.”

Mtasema mnalipa tuisheni. Sawa, lipeni. Lakini mtoto wa darasa la kwanza anayetoka shule akaingia tuisheni, akatoka huko akaingia madrasa, akirudi nyumbani usiku kachoka kama kuli wa bandarini, huyo hapendi hesabu wala hapendi kitu kingine. Na walimu nawaonea huruma. Mwalimu mwenye darasa limejaa hadi mlangoni hawezi kukaa na mwanao mmoja akamfunulia kikombe cha maharage. Wewe unaweza. Sisemi mchezo ushike nafasi ya shule. Nasema shule inajenga juu ya kiwanja, na kiwanja ni wewe. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka tunaona Hisabati iko mkiani, tunasema walimu, tunasema serikali. Hakuna anayesema “mama yake alimwambia ni ngumu.”

Mtasema kuna programu za hesabu kwenye simu. Zipo, na nyingine ni nzuri. Ila mtoto wa miaka mitano aliyepewa simu ili anyamaze hajapewa hesabu, amepewa pipi ya macho. Namba azishike kwanza kwa vidole, azimeze kwenye chapati, azikunje kwenye kanga, ndipo azione kwenye kioo.

Na wapo, tena ni wengi, watakaosema kiboko ndicho kinachofundisha jedwali. Mimi nilichapwa kwa ajili ya jedwali la saba. Nalijua mpaka leo. Na mpaka leo nikiulizwa saba mara nane ghafla, kiganja changu kinauma kabla jibu halijaja. Ile noti ya elfu tano niliipokea kwa kiganja hichohicho. Woga unamfanya mtu akubali upesi. Je, binti yako unataka awe mtu wa kukubali upesi?

Na wewe bi harusi

Wewe unayesoma hapa kutafuta mtindo wa gauni na singo, usifikiri haya hayakuhusu kwa kuwa huna mtoto bado. Somo atakufundisha mengi usiku ule, na yote mazuri, ila muulize kama atakufundisha kusoma mkataba wa mkopo. Wanawake wangapi wameingia mikopo ya kausha damu? Mfano wake ni huu. Unapewa laki moja, unaambiwa urudishe elfu tano tu kila siku kwa siku 26. “Elfu tano tu” inasikika ndogo. Zidisha. Ni 130,000. Umeongeza elfu thelathini na mwezi haujaisha, tena ni riba, umeingia kwenye haramu kwa sababu ya kushindwa kuzidisha tano kwa ishirini na sita.

Mahari ni haki yako. Ijue kwa namba, iandikwe kwa namba, na kama italipwa kwa mafungu, ujue fungu lililobaki. Kujua si kukosa adabu. Bi harusi anayejua hesabu hamsumbui mume, anamsaidia. Ndani ya sanduku lako, kati ya kanga na udi, tia futi ya kupimia, daftari la matumizi na kijifuko cha kete 64. Siku Mwenyezi Mungu akikujaalia mtoto, utakuwa na mchezo tayari.

Yule mama wa kitenge alirudi kuchukua nguo, na binti yake. Safari hii sikucheka. Nikamwita mtoto mezani, nikampa futi, nikamwambia: kitenge kizima ni yadi sita na ni 24,000, hebu nigawie. Alihangaika, akatumia vifungo vyangu, akakosea mara mbili. Mara ya tatu akasema elfu nne. Nikamwuliza: gauni lako limekula yadi mbili, sketi ya mama tatu, je, kuna kilichobaki? Akasema yadi moja, ya elfu nne, iko wapi? Mama yake akashtuka, akanitazama. Nikainama chini ya meza nikaitoa, nilikuwa nimeihifadhi. Akaikunja mwenyewe na kuitia kwenye mfuko.

Amana ile ningeirudisha hata asingeuliza, in shaa Allah. Lakini si kila fundi atairudisha. Mfundishe mwanao kuuliza iko wapi.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wenye elimu yenye manufaa, atulinde na dhuluma, na atulinde nasi tusiwadhulumu wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.